Mpiga Kinanda na Nukta Sita

Maongezi yangu ya leo ni habari za fundi mmoja wa muziki, Mfaransa, jina lake Louis Braille, nalo latamkwa Brai. Jina hilo si geni masikioni mwa wengi, kwa maana ndilo jina la maandishi ya nukta yasomwayo na vipofu kwa ncha za vidole. Lakini lisilojulikana sana ni kwamba aliyeyatunga maandishi hayo alikuwa kipofu yeye mwenyewe, na tena alikuwa mpiga kinanda katika makanisa ya Paris, aliyetamani kuandika muziki kama alivyotamani kuandika maneno.

Neno ninalotaka kuliweka mbele yenu ni moja. Maandishi yale hayakuwa sadaka iliyotoka mikononi mwa wenye macho. Yalitungwa na mtu aliyekuwa na haja nayo, na ndiyo sababu yakafaa. Wenye macho, tena wengine wao watu wema wenye huruma nyingi, walikaa miaka 30 kabla ya kuyakubali rasmi, kwa kuwa waliamua kwa macho jambo lililopasa kuamuliwa kwa vidole. Wahenga wetu wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Habari nitakayowasimulia ni ushahidi wa methali hiyo.

Kwanza nitawarudisha nyuma, kabla Braille hajazaliwa, mpate kujua hali ya vipofu wa Paris ilivyokuwa. Mwaka 1771 palikuwa na gulio katika mji huo, lililoitwa gulio la Mtakatifu Ovide. Mwenye mkahawa mmoja alikodi kundi la vipofu wampigie muziki ili kuvuta wateja. Hakuwaweka pale wasikilizwe, bali wachekwe. Aliwavika mavazi ya kuchekesha na kofia zilizochongoka, akawapachika miwani mikubwa ya karatasi isiyo na vioo, na mbele yao akaweka karatasi za muziki, kana kwamba wanazisoma. Watu walisongamana wakicheka hata machozi yakawatoka. Sisi tuna methali isemayo, hujafa hujaumbika, maana yake aliye mzima leo asimcheke mwenye kilema, kwa kuwa hajui lililo mbele yake. Watu wa gulio lile walikuwa wameisahau hekima ya namna hiyo.

Miongoni mwa waliopita pale alikuwamo kijana mmoja, jina lake Valentin Haüy. Yeye hakucheka. Mzaha wa karatasi zile ulimchoma moyo, akaazimia kufanya kweli jambo lililofanywa mzaha, yaani kuwafundisha vipofu kusoma. Mwaka 1785 shule yake ilikuwa imekwisha kuanza kazi mjini Paris, nayo ilikuwa shule ya kwanza ya vipofu ya namna yake duniani. Njia yake ilikuwa kuzipiga chapa herufi zile zile zitumiwazo na wenye macho, zikiwa kubwa, juu ya karatasi nzito iliyoloweshwa, hata zikainuka kwa upande wa pili. Kipofu alizipapasa moja moja kwa kidole mpaka akazitambua.

Haüy astahili heshima kubwa, na mimi sitaki kumpunguzia hata kidogo. Lakini njia yake ilikuwa na kasoro tatu. Kidole kilizunguka kila herufi polepole, kama mtu apapasaye ukuta gizani akitafuta mlango, na msomaji alipofika mwisho wa sentensi alikuwa karibu kuusahau mwanzo wake. Vitabu vilikuwa vizito na vya gharama, hata shule nzima ilikuwa na vichache tu. Na kasoro ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: kipofu aliweza kusoma aliyoandikiwa, lakini hakuweza kwa wepesi kuandika aliyokuwa nayo moyoni. Alipewa masikio asipewe ulimi. Herufi zile zilikuwa zimeumbwa tangu kale kwa ajili ya jicho. Zilipokuzwa na kuinuliwa hazikugeuka kuwa za kidole. Zilikuwa bado za jicho, isipokuwa zimenenepa.

Sasa twende kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris. Huko ndiko alikozaliwa Louis Braille tarehe 4 Januari 1809, mtoto wa mwisho katika watoto wanne. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, akitengeneza matandiko na hatamu za farasi. Siku moja mwaka 1812 mtoto, mwenye umri wa miaka mitatu, aliingia katika karakana ya baba yake, akashika chombo chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, naye akiiga kazi aliyoiona ikifanywa. Chombo kikamteleza kikamchoma jicho moja. Dawa za siku zile hazikuweza kuuzuia uchafu uliokiingia kidonda. Ukalila jicho lile, kisha ukavuka ukalila na la pili. Alipofika umri wa miaka mitano hakuona tena chochote.

Wazazi wake hawakumficha ndani. Jambo hili nataka mlishike, maana hata leo hapa kwetu wako watoto wenye vilema wafichwao chumbani wageni wanapokuja. Walimpa kazi za nyumbani kama watoto wengine. Kasisi wa kijiji alimfundisha masomo ya mwanzo, kisha mtoto akakubaliwa katika shule ya kijiji, akaketi pamoja na watoto waonao. Aliwashinda wengi wao kwa kusikiliza na kukumbuka. Ila walipofungua vitabu na kushika kalamu, yeye alikaa mikono mitupu. Mlango wa shule ulikuwa wazi kwake, lakini mlango wa kitabu ulikuwa umefungwa. Hii ndiyo tofauti kati ya kumwingiza mtu chumbani na kumshirikisha katika yafanywayo chumbani.

Mwezi wa Februari 1819, akiwa na umri wa miaka kumi, alipelekwa Paris katika ile shule iliyoanzishwa na Haüy. Nyumba ya shule ilikuwa kuukuu na yenye unyevu, na afya za watoto ziliharibika humo. Lakini humo pia mlikuwa na muziki. Louis alijifunza ala kadha wa kadha, hasa kinanda. Nisemapo kinanda sina maana ya kile kidogo kinachobebwa kifuani. Nasema kinanda kikubwa cha kanisani, chenye safu za filimbi ndogo na kubwa zinazopulizwa upepo, ambacho mpigaji hukipiga kwa mikono miwili na miguu miwili pamoja. Alikuwa hodari, na baadaye alipata kazi. Tangu mwaka 1834 hata 1839 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs, na baadaye wa kanisa la Saint-Vincent-de-Paul. Hakuajiriwa kwa huruma. Watu waliokuja ibadani walihitaji muziki mzuri, naye aliwapa.

Lakini fikirini taabu ya mwanafunzi wa muziki asiyeona. Mwenye macho huweka karatasi mbele yake na kusoma. Kipofu ilimlazimu amtafute mtu wa kumpigia wimbo kipande kwa kipande mpaka aushike kwa sikio. Mtu huyo akiondoka, somo limekwisha. Na kama kipofu akitunga wimbo wake mwenyewe, hawezi kuuandika; sharti aukariri, au aombe mkono wa mwenye macho. Fundi wa sanaa asiyeweza kuandika kazi yake ni kama mkulima asiye na ghala. Avuna kila mwaka, na kila mwaka mavuno yaoza.

Mwaka 1821 alikuja shuleni bwana mmoja, Charles Barbier, aliyewahi kuwa askari wa mizinga, akaleta maandishi ya nukta zilizoinuka aliyoyatunga mwenyewe. Barbier alikuwa ametambua jambo moja kubwa, kwamba kidole hutambua nukta upesi kuliko mstari. Hapo alikuwa amefika mlangoni. Lakini maandishi yake yalikuwa na nukta nyingi mno, mpaka kumi na mbili kwa alama moja. Tena alama zake zilisimama mahali pa sauti, si mahali pa herufi, hata mwanafunzi hakuweza kujua neno laendelezwaje. Hayakuwa na tarakimu wala vituo, wala hayakuwa na muziki.

Braille na wenzake waliyajaribu, na kijana akaona pale Barbier asipoweza kuona, ijapokuwa Barbier ndiye aliyekuwa na macho. Nukta kumi na mbili hazienei chini ya ncha ya kidole. Sharti kidole kipande na kushuka ndipo alama moja itambulike, na kwa mwendo huo usomaji hauendi mbele. Akaanza kupunguza na kupanga upya, usiku na siku za likizo. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa amekwisha kuupata mpango wake. Alitumia nukta sita tu.

Wasikilizaji, kama mna mahindi karibu, chukueni punje sita. Zipangeni safu mbili zilizosimama, tatu kushoto na tatu kuume. Hicho ndicho chumba cha herufi moja. Sasa ondoeni zote isipokuwa ya juu kushoto. Hiyo ni a. Rudisheni na ya kati kushoto, ziwe mbili. Hiyo ni b. Mtu akiweka b, kisha a, kisha b, kisha a, ameandika baba. Herufi kumi za kwanza za alfabeti hutumia zile punje nne za juu peke yake. Kumi zifuatazo ni zile zile, zimeongezewa punje ya chini kushoto. Basi a ikiongezewa yawa k, na b yawa l. Nyingine huongezewa punje zote mbili za chini. Herufi w haikuwamo katika mpango wa kwanza, maana Wafaransa wa siku zile hawakuihesabu katika alfabeti yao. Iliongezwa baadaye, na ni heri kwetu sisi, maana bila hiyo kipofu wa Kiswahili angeandikaje watu, wala angeandikaje mwana?

Nukta sita zaweza kupangwa kwa njia 63, na kila mpango hutosha chini ya ncha moja ya kidole, bila kidole kupanda wala kushuka. Hapo ndipo ilipo siri. Kipimo cha chumba kile hakikutoka katika kitabu cha hesabu, wala hakikuamuliwa katika baraza. Kilitoka katika ngozi ya kidole cha kijana aliyesoma kwa kidole.

Na kuandika je? Kipofu huweka karatasi nzito juu ya kibao, hushika kalamu fupi ya chuma, na huchoma nukta moja baada ya moja. Huandika kutoka kuume kwenda kushoto, kama waandikao kwa herufi za Kiarabu, kisha huigeuza karatasi, na upande wa pili nukta zimeinuka tayari kusomwa kutoka kushoto kwenda kuume. Hapo kipofu alipata kalamu yake mwenyewe, asimwombe mtu.

Braille hakuusahau muziki. Kwa nukta zile zile sita ziliandikwa sauti za muziki, na kwa jinsi zinavyotumika leo, nukta nne za juu huonyesha sauti yenyewe, na zile mbili za chini huonyesha urefu wake, kama sauti ishikwe muda mrefu au iachwe upesi. Mpiga kinanda kipofu hawezi kusoma na kupiga kwa mikono yote kwa wakati mmoja, kwa kuwa mikono yake ndiyo macho yake. Husoma kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine, kipande kwa kipande, mpaka amekariri wimbo wote. Kazi ni nzito. Lakini hamngoji mtu, na akikosea hurudi mwenyewe katika maandishi akatazama kosa lilipo. Mzaha wa gulio la mwaka 1771 ulikuwa kuwawekea vipofu karatasi za muziki wasizoweza kuzisoma. Miaka isiyofika 60 baadaye karatasi waliyoweza kuisoma ilikuwapo, nayo iliandaliwa na mpiga muziki kipofu.

Mwaka 1829 alitoa kitabu chake, na kichwa cha kitabu hicho chasema kwamba ni njia ya kuandika maneno, muziki na nyimbo za ibada kwa nukta, kwa matumizi ya vipofu na iliyopangwa kwa ajili yao. Katika utangulizi alimheshimu Barbier, akisema wazi kwamba wazo la kwanza lilitoka kwake. Kitabu chenyewe kilipigwa chapa kwa zile herufi nene za zamani, kwa kuwa mitambo ya shule haikuwa na nyingine. Mwaka 1837 kilitoka tena, kimesahihishwa.

Mtu angedhani kwamba hapo safari imekwisha. Hasha, ndipo shida ilipoanza. Wanafunzi waliyapenda maandishi yale tangu siku ya kwanza, lakini hayakuwa maandishi rasmi ya shule. Mwaka 1840 ulikuja uongozi mpya chini ya bwana Dufau, naye aliyapiga marufuku. Yasimuliwa kwamba vitabu vingi vya zamani vilitiwa moto. Wanafunzi waliendelea kuandika kwa siri, wakifundishana wao kwa wao.

Tusiseme upesi kwamba waliopinga walikuwa watu wabaya. Walikuwa na hoja, na hoja yao yastahili kusikilizwa, kwa maana yasemwa hata leo kwa maneno mengine. Walisema hivi: tukimpa kipofu maandishi yake peke yake, tutamtenga na watu. Mwalimu mwenye macho hataweza kuyasoma, mama yake hataweza kusoma barua yake. Afadhali atumie herufi zetu, hata kwa shida, apate kuwa mmoja wetu.

Hoja hiyo ina sura ya upendo, lakini msingi wake ni mbovu. Yachukua kufanana kuwa ndiko kushirikiana. Yamtaka kipofu abebe mzigo wote wa safari, aje mpaka walipo wenye macho kwa njia iliyojaa miiba, ili wao wasisogee hata hatua moja. Mama yeyote apendaye barua ya mwanawe aweza kujifunza nukta sita kwa muda mfupi. Nyinyi mmekwisha kujifunza herufi nne kwa punje za mahindi tangu nilipoanza kusema. Lakini kidole cha kipofu hakiwezi kugeuka kuwa jicho, hata kikafundishwa miaka 100.

Jawabu la Braille mwenyewe lilikuwa zuri kuliko hoja zote. Hakushindana kwa maneno, wala hakupuuza shida waliyoitaja. Mwaka 1839 alitangaza njia nyingine, ambayo kwayo kipofu aliweza kuchora kwa nukta nyingi umbo la herufi za kawaida, ili awaandikie barua jamaa zake waonao. Kazi ile ilikuwa ya polepole, ndipo rafiki yake Pierre Foucault, fundi wa mitambo aliye kipofu pia, akaunda mashine ya kuirahisisha mwaka 1841. Basi twaona kwamba vipofu hawakutaka kujitenga. Walitaka nyumba yao na daraja pia, na vyote viwili walivijenga wenyewe.

Mambo yaligeuka polepole. Katika uongozi wa shule alikuwamo bwana Guadet, ambaye aliwatazama wanafunzi akaona jinsi walivyosoma na kuandika, akabadili mawazo, kisha akambadili na mkuu wake. Mwezi wa Februari 1844, ilipofunguliwa nyumba mpya ya shule, alieleza mbele ya wageni wote sifa za maandishi yale na jina la aliyeyatunga. Lakini Braille alikuwa amekwisha kushikwa na kifua kikuu. Alipunguza kazi, akafundisha kwa kadiri ya nguvu zake, akapiga kinanda alipoweza. Akafariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Serikali ya Ufaransa iliyakubali rasmi maandishi yake mwaka 1854. Hesabuni wenyewe: tangu 1824 hata 1854 ni miaka 30, na mwenyewe hakuuona mwisho wake.

Katika Uingereza jambo lilikwenda kwa njia nyingine, na njia hiyo ina somo. Huko palikuwa na maandishi ya vipofu ya namna nyingi, na kila namna ilikuwa na watetezi wake wenye macho walioshindana kwa ukali. Mwaka 1868 Thomas Rhodes Armitage, mganga aliyelazimika kuacha kazi yake kwa kudhoofika macho, aliunda chama pamoja na wenzake. Kanuni yao ilikuwa nyepesi na ya haki: wataoamua ni vipofu wasomao kwa kidole, wajuao namna kadhaa za maandishi hayo, wasio na faida ya fedha katika yoyote. Walizipima zote kwa vidole vyao, wakachagua ya Braille. Na mwaka 1878 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris nao uliyachagua. Swali lililowashinda wenye macho kwa miaka mingi lilijibiwa na vipofu walipoulizwa.

Huko Paris shule ile ile iliendelea kutoa wapiga kinanda. Louis Vierne, aliyezaliwa karibu kipofu, alisoma hapo, akawa mpiga kinanda wa kanisa kuu la Notre-Dame tangu mwaka 1900 mpaka alipofariki mwaka 1937. Jean Langlais, kipofu tangu utoto, alisoma hapo pia, akashika kinanda cha kanisa la Sainte-Clotilde tangu 1945 hata 1987. Wote wawili walikuwa watungaji, na kazi zao zapigwa leo na wapiga kinanda wenye macho duniani kote. Ghala la yule mkulima lilikuwa limekwisha kujengwa.

Mwaka 1952, miaka 100 baada ya kufa kwake, mwili wa Braille ulitolewa Coupvray ukahamishiwa katika jengo la Panthéon mjini Paris, wanamozikwa watu wakuu wa Ufaransa. Lakini watu wa kijiji chake hawakukubali kumtoa wote. Mifupa ya mikono yake ilibaki Coupvray, na ipo huko mpaka leo. Na tangu mwaka 2019 siku yake ya kuzaliwa, tarehe 4 Januari, huadhimishwa na Umoja wa Mataifa kuwa siku ya maandishi yake.

Na kwetu Afrika Mashariki je? Shule ya vipofu ya Thika, katika Kenya, ilianzishwa mwaka 1946 na Jeshi la Wokovu. Na ile ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianza mwaka 1950. Tangu hapo wamepatikana walimu, wanasheria na wapiga muziki wengi waliosoma Kiswahili kwa vidole vyao. Lakini vitabu vimekuwa haba. Kitabu cha nukta ni kikubwa na cha gharama, na kwa muda mrefu sheria za haki za waandishi zilizuia kitabu kilichonakiliwa nchi moja kisivuke mpaka kwenda nchi ya pili. Mkataba uliofanywa Marrakesh mwaka 2013 uliondoa kizuizi hicho katika nchi zilizojiunga nao. Kenya ilijiunga mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2020. Basi kitabu cha Kiswahili kilichotiwa nukta Nairobi chaweza kusomwa na mtoto wa Dodoma, bila kazi ile ile kufanywa mara mbili.

Wako leo wasemao kwamba nukta hazina haja tena, kwa kuwa simu na kompyuta zaweza kumsomea kipofu kwa sauti. Vyombo hivyo ni neema kubwa, na vipofu wenyewe wavifurahia. Lakini jiulizeni, je, mwanao mwenye macho mngekubali asifundishwe kusoma wala kuandika, kwa sababu tu redio yaweza kumsimulia? Asikiaye neno hajui laendelezwaje. Hesabu ndefu haishikiki kwa sikio peke yake, wala wimbo wenye sauti nne haupambanuki vema. Wale wale waundao kompyuta wameunda pia vibao ambavyo nukta zake hupanda na kushuka zenyewe chini ya kidole. Chombo kimebadilika, na nukta ni zile zile sita. Hapa tena wa kuulizwa ni wale wasomao kwa kidole, si sisi.

Yamebaki maneno machache. Baadhi yenu ni walimu, na darasani mna mtoto asiyeona au asiyesikia. Baadhi ni viongozi wa kwaya, na katika waimbaji wenu yuko kipofu ashikaye sauti yake kwa kusikiliza jirani. Baadhi ni mafundi wa kujenga, nanyi mwakaribia kujenga ngazi za msikiti, za kanisa au za ofisi, ambazo mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuzipanda. Kabla hamjakata shauri ni kitu gani kitamfaa, mwendeeni mwenyewe, mketi naye, mmwulize, kisha mmpe ajaribu. Na kama akisema, hiki hakifai, nijaribuni hiki nilichokitengeneza, msimkatize. Yamkini anachokishika mkononi ni nukta sita nyingine, na haitupasi kumngojesha miaka 30.